Wakia Kumi na Mbili

Baba alikuwa na daftari, jalada limeliwa na mende,
na ukurasa wa mwisho ameandika:
gera ishirini, shekeli moja.
Shekeli hamsini, mina.
Mina sitini, talanta.
Mbele ya kila mstari ameacha nafasi tupu,
kama mtu aliyemwekea mgeni kiti.

Watoto wa darasa la Jumapili, hapa Weti, walimchosha.
"Mwalimu, talanta ni pishi ngapi?"
Edita, binti wa mpishi wa misheni, ndiye aliyeanza,
na akishaanza Edita hakuna mlango unaofungika.
Pishi ni ya kujaza, akamwambia, talanta ni ya kuning'iniza.
"Basi ni frasila ngapi?"
Baba akakohoa. Akafunga darasa mapema.

Jumatatu nikashuka naye hadi ghalani
kwa Khelef bin Mbaruk, mpima karafuu.
Mawe yake ya mizani yana chapa ya taji la mfalme wa Kiingereza
ambaye hajapata kunusa jamvi la karafuu lililonyeshewa.
Baba akatoa karatasi aliyopewa na padri:
shekeli tano ni wakia mbili na chembe.
"Chembe ya nini?"
"Haikuandikwa."
"Basi chembe hiyo yangu," akacheka Khelef,
na chaki ikaanza kutembea sakafuni.

Mina: ratili na robo.
Talanta: ratili sabini na tano,
"Frasila mbili na ratili tano!" Akajipiga paja.
"Na hii ndiyo iliyowatoa jasho wafalme?
Hamadi wangu huibeba kwa bega moja."

Nilidhani tumemaliza.
Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, wa penseli,
mwandiko mdogo kama wa mtu anayenong'ona:
ng'ombe akimuua mtumwa kwa pembe,
bwana wa mtumwa alipwe shekeli thelathini.
"Wakia kumi na mbili," akasema Khelef upesi, kwa mazoea ya kazi.
"Nipimie."
"Nikupimie nini? Fedha sina."
"Karafuu."

Akaweka jiwe la nusu ratili, na la robo juu yake,
akachota, akamimina.
Mkono wa mizani ukashuka, ukapanda, ukasimama.
Rundo dogo.
Ningelichambua likaisha kabla chai haijachemka.

Bibi yake Baba alichuma karafuu Mtambile,
kwenye mikarafuu ya watu ambao majina yao Khelef aliyajua,
maana la ukoo wake lilikuwa mojawapo.
Hakuna aliyelitamka.
Nzi akatua kwenye jiwe la robo, akaruka,
na mizani haikujua.

Kisha Khelef, bila kumtazama Baba,
akachota tena, akaongeza juu ya rundo
kama anavyoongezewa mnunuzi wa siku nyingi.
Sahani ikagonga meza.
"Usizidishe," akasema Baba. "Imeandikwa thelathini."
Khelef akaanza kuzitoa, moja moja,
kwa vidole vilivyozoea magunia,
nasi tukamngoja hadi mkono ukalingana.

Daftari ninalo mimi sasa. Nafasi zote zimejazwa
ila ile ya mstari wa penseli:
hapo pana doa la mafuta, la hudhurungi,
na ukiliinamia, bado linanukia.