Dakika Nne na Sekunde Kumi na Moja

Nimefuta mkato mmoja.
Mkato, si sentensi; kidudu cha wino
kwenye ukurasa wa bei za korosho,
na mashine imeanza kuijenga tovuti nzima
toka msingi, kana kwamba sijawahi kuwa na nyumba.

Feni inavuma. Asilimia tisa.
Ukungu wa Newala umeingia dirishani bila hodi,
umekaa kitandani, unanitazama ninavyongoja.
Asilimia kumi na moja.

Nimejifunza kuishi ndani ya dakika hizi.
Humo shati hupigwa pasi, mkono mmoja kwa kila jengo,
humo chai huchemka, humo chai huungua,
na siku moja nilikwenda hadi kwa Mchopa kununua vocha,
tukabishana bei ya salfa, nikarudi:
asilimia themanini na nne, kisha kosa.
Faili la sitini na tatu, mstari wa pili,
jina nililolinyima herufi.
Anza tena.

Moduli ni arobaini. Nilizihesabu usiku umeme ulipokatika:
ya wakulima, ya mizani, ya magunia, ya malipo,
ya mnada, ya ramani, ya matangazo ya misiba,
na moja ambayo hakuna anayeijua kazi yake
ila ukiitoa, zote zinaanguka.

Uani, Somoe Nandonde anabangua.
Mikono kaipaka majivu, mafuta ya ganda yasimle ngozi.
Tok. Nzima kushoto, vipande kulia. Tok.
Iliyokwisha kubanguliwa haitazami tena.
"Wewe," anasema bila kuinua kichwa,
"hicho kidude chako leo kinapika nini?"
Nikamweleza. Akacheka hadi akalikosa jiwe.
"Yaani ukikuta moja mbovu
unazirudisha zote magandani?"

Ndiyo, Somoe. Magandani,
na maganda mtini, na mti mbeguni.

Usiku ule nikafungua mipangilio
nikazikuta aibu zangu zimejipanga foleni.
Kwenye ukurasa wa mizani niliomba sindano,
likaja duka zima, na mwenye duka, na madeni yake.
Picha elfu mbili za magunia, zisizobadilika daima,
mashine ilizichungulia moja moja kila nilipokohoa.
Na ghala la kuwekea kilichokwisha kujengwa
nililifagia mwenyewe, kila asubuhi,
kwa amri niliyoinakili mwaka juzi sijui wapi.

Nikaomba sindano. Sindano tu.
Nikaziambia picha: tulieni.
Nikautupa ufagio.
Kila moduli nikaipa mlango wake,
ya malipo isiamke ya ramani ikipiga chafya.
Ukaguzi mzito nikausogeza pembeni
ufanye kazi yake bila kunishika shati.
Ile moja isiyojulikana sikuigusa.
Sina ujasiri huo.

Alfajiri nikaurudisha mkato, nikahifadhi.
Sekunde tatu.
Nikaufuta. Tatu.
Nikauweka, nikaufuta, nikauweka,
kama mtoto aliyeifikia swichi ya taa kwa mara ya kwanza.

Somoe akapita na ndoo. "Umeamkaje?"
Na salamu za huku hazitoshi katika sekunde tatu:
kuna mguu wa mama yake, kuna mnada wa Ijumaa,
kuna mdogo wake aliyekwenda Masasi na hapigi simu.
Yote hayo niliyajua kwa dakika nne nne,
nimeegemea dirisha, mashine ikihema nyuma yangu.
Nikamjibu, "Salama," jicho kwenye kioo,
maana ilikuwa tayari,
imekwisha, inataka kingine.

Ndoo ikaenda zake.
Kishale kinakonyeza, kinakonyeza.
Jana nilikingoja mimi.
Leo kinaningoja chenyewe,
na sina la kuandika.