Mguu Mzima

Nthenya, ni wewe uliyelaza utepe sakafuni
pale zahanati ya Buruburu, ukaniambia:
ruka kwa mguu mmoja, utue, usiyumbe.
Kwanza wa kulia, uliopasuliwa.
Sentimita mia moja na kumi na nane. Ukaandika.
Kisha wa kushoto, mzima,
nami nikaunong'oneza: jizuie.

Ukajizuia. Mia moja ishirini na tano.
Ukagawanya, ukatabasamu, ukasema miguu imepatana.
Haikuwa imepatana.
Mmoja ulikuwa umejikaza hadi kisigino kikatoka jasho,
mwingine ulikuwa umedanganya.

Ulikuwa mwezi wa saba tangu kisu.
Wewe ulisema tisa.
Kocha Otundo hakusema kitu,
alinitumia tu ratiba ya ligi
na alama moja ya kuuliza.

Sikukimbilia sifa.
Nilichoka kuwa goti.
Mtaani hawakuuliza tena habari za Mideva,
waliuliza, goti linaendeleaje,
kana kwamba ndilo lililopanga chumba
nami ni mgeni wake.
Ghorofa ya nne, Kariobangi Kusini, lifti hakuna:
ngazi sitini na nne. Ya kumi na tisa imebanduka.
Ya arobaini ndipo Mama alipokuwa akinisubiri,
amekumbatia magongo yangu
kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake.

Mama hushona sare za shule.
Siku niliyotoka hospitali alitaka kujua uzi.
Nikamweleza: wamekata kano nyuma ya paja langu,
wakaisokota, wakaipenyeza mfupani, ishike goti.
Akacheka. "Nguo ya kuazima haisitiri matako,
lakini wewe umejiazima mwenyewe."
Akarudi kwenye cherehani, akashona mkono mzima wa shati,
ndipo akasema, kama anayezungumza na kitambaa:
"Ila kiraka kipya huwa hakichaniki.
Huchanika kando yake."

Jumamosi ile ya Julai, baridi, vumbi limelala,
dakika ya sitini na moja.
Hakuna aliyenigusa. Nakuapia, hakuna.
Nilifunga breki ili nigeuke,
njumu zikang'ata nyasi
(njumu za wavulana, ndizo zinazopatikana kwa saizi yangu),
mwili ukaenda, mguu ukabaki.

Pu.

Mlio mdogo, kama njugu ikibanwa kwa vidole viwili.
Refa hakuusikia. Beki wao hakuusikia.
Mimi nilikuwa nimewahi kuusikia,
kwa hiyo niliujua kabla sijafika chini.
Nikalidaka goti la kulia kwa mikono yote miwili,
nikalikuta limetulia, limekaza kama komeo,
na pale chini, Nthenya, nikacheka,
nikawaambia akina Nafula niinueni, ni woga tu.
Wakaniinua.
Nikakanyaga kwa kushoto
na kushoto hakukuwa na mtu.

Picha zimeshapigwa.
Mama ameshafungua tena daftari la mchango,
majina yaleyale: Mama Sikuku elfu mbili,
wapangaji wa ghorofa ya pili mia tano tano.
Mmoja ameuliza kama ni goti lilelile.
Mama ameishika simu tangu asubuhi,
hajui ajibu ndiyo au la.

Sikuja kukulaumu, wala sikuja kulia,
ingawa nimeshalia humu mlangoni, mlinzi ameniona.
Nimekuletea namba ya kweli.
Usiku wa kuamkia kipimo nilifunga chumba,
nikatandaza futikamba ya Mama,
nikauacha ule wa kushoto uruke unavyotaka.
Mia moja na sitini.
Ulitua bila kuyumba hata kidogo.

Fungua faili. Kata ile nyingine, andika hii,
kwa kalamu, si kwa penseli.