Kilomita Mbili

Ombati alilaza tairi jipya chini,
akafuta vumbi la Menengai kwa kiganja,
akanisomea namba za ubavuni mwake taratibu
kama anayesoma jina la mtoto kwenye kadi ya kliniki:
mia moja tisini na tano, sabini, kumi na nne.
La zamani: mia moja sabini na tano, sitini na tano, kumi na nne.
"Kumi na nne ni ile ile," nikasema.
"Hiyo ni rimu, mwalimu. Sufuria ni ile ile.
Mkate ndio umeumuka."

Nilitaka gari linyanyuke.
Njia ya Mau Narok ina mawe yanayojua tumbo la kila gari dogo,
nami kila Jumamosi nabeba mbegu za viazi, magunia manne.
"Litaingia?"
"Litaingia." Akakaza nati moja, kisha ile inayoikabili.
"Lakini kuingia si kuenea."
Sikumsikia. Au nilimsikia, nikalipa.

Kona ya kwanza, karibu na stesheni,
nilikata usukani hadi mwisho
na kitu kikakoroma ndani ya madigadi
kama mtu anayeota vibaya.
Nikajifunza kugeuza gari kwa duara pana,
kuomba radhi kwa mkono nje ya dirisha.
Nikipakia magunia, nyuma ilikaa, raba ikalamba bati
tuta baada ya tuta,
na harufu ya kuungua nikaenda nayo kanisani.

Usukani ukawa mzito. Mlima ukarefuka:
pale nilipopanda kwa gia ya tatu
injini ikaniomba ya pili, kwa sauti ya mdeni.
Breki zikaanza kufikiri kabla ya kutii.
Na gari, kwa kuwa sasa ni refu,
likawa linainama kila kona
likisalimu mashamba ya ngano.

Haya yote ningeyavumilia.

Lakini ndani ya dashibodi kuna daftari la Baba.
Gari lilikuwa lake. Arap Sitienei aliandika kila kitu,
petroli, pancha, oili,
na umbali, kwa kalamu ya bluu:
Nyumbani hadi ghalani, 26.
Nyumbani hadi ghalani, 26.
Hata wiki ile alipoanza kukohoa, 26.

Mimi nikapata 24.
Jumamosi iliyofuata, 24.

Nilipunguza mwendo, nikakagua njia.
Daraja lipo. Kinu kipo.
Mama Chepng'eno bado anauza njegere pale pale.
Kilomita mbili zimetoka wapi, zimekwenda wapi?

Nikakumbuka tukipima shamba kwa hatua.
Yeye mbele, hatua mia moja na kumi;
mimi nyuma, mia moja na sitini, nikihema.
Nilimwambia shamba langu ni kubwa kuliko lake.
Alicheka mpaka akashika mti.

Kipimo hakioni barabara.
Kinahesabu mizunguko tu, gizani,
kikiamini mguu ni ule ule kilioufahamu kiwandani.
Ukikivisha mguu mrefu, hatua zinapungua,
nacho kinaapa umekwenda kidogo, umekwenda polepole.

Ndivyo nilivyoapa mimi pia, penye shule,
afande aliponionyesha kimashine chake: 54.
"Yangu inasema hamsini, afande."
"Yako ni shahidi wako," akasema. "Huyu ni wangu."
Watoto walikuwa wanavuka. Sikubishana tena.

Jumatatu nikarudi kwa Ombati.
Alikuwa ametenga manne mapya ya namba ya zamani
nyuma ya kopo la grisi, na hakusema lolote,
jambo ambalo lilinigharimu kuliko tairi.

Jumamosi, mlangoni mwa ghala, nilisoma: 26.
Mkobani sikuwa na kalamu ila nyekundu ya kusahihishia.
Nikaandika chini ya mwandiko wake,
nikatazama ule ukurasa mzima wa bluu,
nikautia vema.