Kilo Tatu

Usiku napima malori ya shaba, njia ya Kasumbalesa.
Uongo wa madereva naujua kwa mlio wa breki:
"Dada Musau, leo mzigo mwepesi,"
na mizani inatetemeka, inatulia, inasema
tani hamsini na nane.
Mizani haina mjomba.

Jumamosi napimwa mimi.
Kapend ananisimamisha kwenye mizani ya bafuni,
juu ya saruji ya hanga, viatu miguuni, mkoba begani,
anaandika kwa penseli: sitini na tatu.
Kisha anapanda yeye, anavuta tumbo ndani
kana kwamba tumbo likifichwa halina uzito.
Tisini na nne.
Petroli. Oili. Tunajumlisha.
"Ndege," anasema, "haihongeki."
Nikacheka. Alidhani sijaelewa.

Ndege si yake wala yangu. Ni ya Madamu Evdokia,
mjane aliyeachiwa duka la misumari, mbwa kiziwi,
na kitu hiki chenye mabawa kilichokuwa nyumba ya popo.
Anakikodisha kwa saa,
na saa yenyewe si ya ukutani:
ni kidude chini ya dashibodi, tarakimu nyeupe,
kinaanza kula injini inapokohoa tu.
Noti zangu anazinyanyua moja moja dirishani.
Iliyochanika upana wa ukucha, inarudi.
Mshahara wa mwezi: saa moja na robo.

Basi anga nimeinunua kama sukari ya kijiko.
Februari, kupaa.
Machi, mvua, na pesa hakuna.
Mei, kugeuka bila kupoteza kimo.
Juni ada ya shule ya Ngosa, mdogo wangu,
nikaishia kuosha kioo cha mbele, bure,
nipate tu kukaa pale.
Na siku ile tuliyokwama nyuma ya ndege ya mizigo
dakika kumi na mbili, gurudumu halijasogea!
Nilikitazama kidude kikitafuna
viatu vya Ngosa, kimoja, kisha cha pili.

Septemba. Moshi wa makala umeulalia mji.
Kapend akafungua mlango, injini ikiwaka.
"Mzunguko mmoja. Urudi."
Upepo ukampokonya kofia,
na picha ya mwisho niliyoondoka nayo
ni kilo tisini na nne zikikimbiza kofia nyasini.

Hakuna aliyeniambia itaruka hivi.
Niliizoea ikipanda kama lori kwenye mteremko mbaya,
leo ikaachana na Luano kabla sijaiomba.
Kando yangu kiti kitupu,
na shimo la makalio yake bado kwenye mto.
Mnara nilisema nao Kifaransa. Nafsi yangu, Kiswahili,
kwa sauti, kila tendo: sasa nageuka. Sasa napunguza moto.
Sasa naogopa. Sasa nageuka tena.
Chini, bomba la kiwanda na kile kilima cheusi cha masizi ya shaba
tulichokiita mlima, sisi tusiojua milima,
mabati ya Ruashi, vichuguu vyekundu,
mijakaranda imeanza kuchanua kwa woga.
Barabara ya Kasumbalesa, na malori yangu
yamepangana, na hakuna hata moja
lililokuwa na uzito.

Nilitua mara mbili, la kwanza la chura.
Kidude: sehemu tatu za kumi.
Madamu Evdokia akahesabu, akarudisha noti moja.
Kapend hakusema kitu, alikuwa akitoa majani kofiani.

Usiku ule, saa tisa, foleni ikakatika.
Nikatoka kibandani, nikasimama katikati ya chuma,
pale linaposimama lori.
Mizani hii kubwa inahesabu ishirini ishirini,
vidogo haivijui.
Nikageuka kusoma tarakimu nyekundu.
Sitini.

Zile tatu sikuzidai.
Najua zilipo.