Usiku Mtupu

Huku Kashubia, usiku wa mwisho wa maiti nyumbani
tunauita usiku mtupu,
jina lililonitatiza utotoni,
kwani nyumba haijai siku nyingine kama siku hiyo:
makoti yamerundikwa kitandani, mabuti yanavuja theluji mlangoni,
majirani bega kwa bega kwenye mabenchi ya kuazima,
na baba katikati, ndani ya jeneza la msonobari,
juu ya viti viwili vya jikoni.

Saa ya ukutani niliisimamisha mwenyewe.
Kioo tulikifunika shuka.
Dada yangu Hildegarda alimzungushia rozari vidoleni,
kisha, paroko alipogeuka kutafuta miwani,
akamtilia mfukoni pembe yake ya ugoro.
"Atangojaje ufufuko bila kupiga chafya?"
Tukacheka, tukaona haya,
tukacheka tena.

Shida ilikuwa moja.
Miaka arobaini, mwongoza nyimbo alikuwa yeye.
Kila aliyekufa kuanzia kinuni hadi njia panda
alivushwa usiku na sauti ya Anzelm Formela.
Kitabu chake kilikuwa mezani, kurasa zimegandana kwa nta,
na pembeni, kwa penseli, majina:
huyu aliimbiwa huu, yule aliupenda ule,
na mahali pamoja: *Mtoto wa akina Cyman. Siku tatu. Taratibu.*
Nani angethubutu kukigusa?

Tulisali matendo ya uchungu, yote matano.
Tukamaliza.
Kimya kikasimama kati yetu
kama mgeni asiyepewa kiti.

Ndipo mlango ukalia, baridi ikaingia,
na nyuma ya baridi, Brunon Plichta.

Miaka kumi na mmoja hawakusalimiana, yeye na baba,
kwa ajili ya mtaro,
hatua tatu za mchanga ambao hata viazi viliukataa.
Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto,
na padri aliposema tutakiane amani
kila mmoja alikagua dari.

Alichovya kijiti cha mreteni katika maji ya baraka.
Akanyunyiza mara moja. Mara mbili.
Ya tatu, mkono ulikwama hewani.
Kisha akavuta kitabu, hakuomba ruhusa,
akakifungua, akakifunga,
akaanza.
Ubeti baada ya ubeti, bila kutazama popote.

"Amezijulia wapi?" nilinong'ona.
Hildegarda alikuwa akikata mkate.
"Nje. Kila usiku mtupu alisimama nyuma ya banda la wenyeji,
akimwitikia baba kwa sauti ya chini.
Kijiji kizima kinajua.
Baba naye alijua. Mbona alikuwa akifungua dirisha, na baridi ile?"

Usiku wa manane walipokunywa kahawa
nilitoka na ufunguo wa nyumba, nikagonga mizinga,
mara tatu kila mmoja, ndivyo tulivyofundishwa:
*Mwenye nyumba amefariki. Msihame. Nimebaki mimi.*
Mzinga wa nne ulivuma kidogo, ukanyamaza.
Nililia hapo, si mbele ya watu.

Asubuhi ubani, chetezo, pumzi za watu zikipanda pamoja na moshi.
Jeneza likagongeshwa kizingitini mara tatu, aage.
Viti vyake tukavipindua miguu juu
ili mauti yasipate pa kukaa.
Makaburini udongo ulikuwa umeganda, ulianguka kwa madonge;
"Raha ya milele umpe, ee Bwana," paroko akasema,
na katika kuitikia kwetu
ilisikika sauti moja, chini ya zote, imekauka.

Jioni nilikusanya vikombe.
Kitabu kilikuwa palepale.
Nilitafuta ukurasa wenye nta mbichi, na pembeni,
kwa mwandiko nisioujua, wa mtu aliyebonyeza penseli mno:

*Anzelm. Nimeanza juu kupita kiasi.
Angenikemea.*