Sababu ya Malipo

Jiwe la Mama ni euro elfu moja na mia nane,
itale ya kijivu, jina na miaka miwili imo.
Fundi Blaževičius wa Rokiškis aliitaja bei
akiwa amenipa mgongo, anapuliza vumbi
kwenye herufi za marehemu mwingine.
Tuko wanne. Gawanya.

Nikawaandikia wenzangu: leteni
kabla ya siku ya kuwasha mishumaa makaburini.
Ulaya moja, nilidhani, nyumba moja.
Kumbe kila chumba kina kitasa chake.

Žydrūnas yuko Drammen, Norwei.
Kule pesa huruka kwa namba ya simu:
umenunua soseji kwenye mechi ya watoto,
umeshalipa na mvuke haujaisha.
Lakini namba yangu si ya kule.
Simu yake, hodari uwanjani, ikawa bubu mpakani.
Akarudi benki, akabadilisha kroni,
na kati ya mia nne na hamsini
zikafika mia nne arobaini na mbili.
"Nani kala nane?"
Sikujua. Panya wa njiani hana jina.

Audronė, Bremen, hakutuma. Aliomba ankara.
"Ankara ya nini? Ya mama yako?"
Akasema miaka kumi na tisa ya Ujerumani
imemfundisha kitu kije kwanza, kikaguliwe,
kisha kilipwe ndani ya siku kumi na nne.
Nikakaa mezani kwa hasira, nikaiandika:
jiwe, robo moja. Nikaweka tarehe.
Ililipwa siku ya kumi na tatu.

Binti yake, Rusnė, anasoma Kraków.
Hakuna aliyemwomba.
"Ungekuwa huku, shangazi,
ningekusomea tarakimu sita,
ukachote noti kwenye mashine
kabla ya dakika mbili kwisha."
Alituma kidogo. Nilinunulia mishumaa.

Na Vykintas, Tilburg, mwepesi wa yote.
Kule rafiki akikulipia kahawa
kiungo cha kukudai hukufikia ukiwa bado na povu mdomoni,
na hakuna anayenuna.
Alibonyeza. Benki ikamshika mkono:
jina halilingani na akaunti.
Alikuwa ameandika Baltakytė,
jina la ubinti, mkia wa msichana
aliyeacha kuwa mimi siku ya harusi.
Kwetu mwanamke akiolewa jina huota mkia mwingine.
Mashine ya Uholanzi iliuona upesi;
kaka yangu, miaka ishirini na miwili, hakuuona.
Akanipigia, mara ya kwanza tangu mazishi.
"Unaitwa nani siku hizi?"
Tukacheka, hadi mmoja wetu akaacha.

Fundi hataki akaunti. Anataka noti.
Nikapanga foleni kwenye mashine ya sokoni,
leo nusu, kesho nusu, kwa sababu mashine nayo ina kiwango chake,
na zile nane nikazitoa mfukoni mwangu.
Alihesabu kwa kidole gumba kilicholowa,
polepole, kama mtu asiye na haraka na mfu.

Usiku nikafungua taarifa ya benki.
Kuna kisanduku: sababu ya malipo,
herufi mia moja na arobaini, bure.
Žydrūnas ameandika "jiwe".
Audronė, "Ankara Na. 1".
Vykintas ameandika:
*Mama, nilisema nitakuja Pasaka sikuja, nikasema kiangazi sikuja,
sasa nakuja kwa njia hii, usinicheke, Skirmantė mwambie kuwa mimi bado ni*

Hapo nafasi ikaisha.

Asubuhi nikarudi kwa fundi.
Herufi ya ziada, bei gani?
"Euro tano. Na nukta pia."
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena,
nikafunga mkoba.