Nyuma ya Jiko

Antibiotiki asubuhi na jioni, siku saba,
hata akipona kabla: ndivyo alivyosema daktari.

Nazibrola anaficha kidonge ndani ya jibini.
Bombora anapokea, mkia ukifagia sakafu.
Nje, Kutaisi yote theluji.

Siku ya nne shingo bado inavuja usaha,
joto halishuki,
naye hajui kosa ni la dawa au la mkono wake,

hadi alipofagia nyuma ya jiko:
vidonge vitano, vizima,
bila chembe ya jibini.

Anacheka, kisha hacheki.
Marehemu mumewe naye alivitema hivyo hivyo,
akivichomeka chini ya godoro.

Anapiga magoti, anapanua taya,
kidole hadi kooni.
"Meza, mjanja wewe.
Safari hii nahesabu mimi."